Kundi likija Moshi: namna ya kuwapokea marafiki wa simuni kwa mtori

Watu mnaotupiana vijembe kwenye simu hadi usiku wa manane, wakishuka stendi ya Moshi wanakuwa kama maharusi. "Hujambo?" "Sijambo." "Safari?" "Nzuri." Halafu kimya, kila mtu anatazama viatu vyake. Dawa ya kimya hicho si hoteli, wala si sebule yenye vitambaa vilivyopigwa pasi. Dawa ni jikoni. Mpe kila mgeni kisu na ndizi za kumenya za mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama, na mdomo utafunguka wenyewe.

Kundi letu lina watu wa Tanga, Mwanza, Mombasa, Same na Dar, na wengi wao wameshafika kwangu. Haya ndiyo ninayomwambia yeyote anayeniuliza jinsi ya kupokea kundi lake.

Anza na safari, na usimwache mgeni ajipangie kwa kusikiasikia. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 550: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, ndipo Moshi. Ni siku nzima ya basi, kwa hiyo apande la alfajiri pale Mbezi ili afike kungali na mwanga. Siti akate ya upande wa dereva. Kuanzia Mombo atakuwa na milima ya Usambara upande wake, kisha ya Upare, na akishapita Mwanga mawingu yakimruhusu atamwona Kibo mwenyewe, kilele cha Kilimanjaro. Jua la alasiri litawachoma wa upande wa pili. Mwenye watoto wadogo anaweza kufikiria treni, iliyorudi Moshi mwaka 2019 baada ya miaka mingi, ila aulize kwanza siku zake kwa sababu si ya kila siku. Wa Mombasa wanapitia Voi, Taveta na Holili. Wa Arusha hana cha kujitetea: ni kilomita 80 tu, aje asubuhi amenye ndizi na wenzake.

Kabla hawajafika, ongea na watu wa nyumbani. Hili wengi wanalisahau. Utani wa kundini una historia yake ambayo mama mkwe haijui. Sisi Wachaga na Wapare ni watani, sisi tukitaniwa kwa biashara na wao kwa kupenda kesi, basi rafiki yetu Mpare wa Same akiingia tu getini anamuuliza mume wangu, "Mangi, leo umeuza nini?" Naye anajibiwa, "Nimeuza ng'ombe nikulipie wakili wa ile kesi yako ya kuku." Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mtoto ambaye hakuandaliwa atadhani baba yake ametukanwa nyumbani kwake. Kwa hiyo waambie watoto mapema: huyu ni mtani, na mtani ana ruhusa yake.

Wageni nao wape mpaka. Kwanza shikamoo kwa bibi, akae, anywe maji, ndipo vijembe vianze. Na kuna mambo hayaletwi mezani hata na mtani: aliyechelewa kupata mtoto, aliyechelewa kuoa au kuolewa, na biashara iliyokufa. Kwenye simu aliyekerwa ananyamaza au anatoka kundini. Mezani kwako hana pa kutokea, na bado atalala hapo hapo.

Sasa mtori. Ndizi zinunue asubuhi, Mbuyuni au soko lolote lililo karibu nawe, na utaje jina: mshare. Usikubali kuuziwa mzuzu, huo ni wa kukaanga au kuchoma. Kwaruza ganda kwa kucha. Ukitoka utomvu mwingi, ndizi imekatwa karibuni. Iliyoanza kulainika iache, itautia mtori utamu usiotakiwa.

Kwa watu wanane chukua kilo moja na nusu ya nyama ya mbavu au kidari, yenye mifupa, ndizi ishirini hivi, vitunguu viwili vikubwa, kikombe cha maziwa na kijiko kikubwa cha siagi au samli. Nyama iweke jikoni kabla wageni hawajashuka kwenye basi. Ichemke taratibu na chumvi na kitunguu kimoja kwa saa moja na nusu au zaidi, mpaka ijiachie kwenye mfupa, na harufu iwapokee mlangoni. Mgeni Mwislamu mwambie mapema nyama imetoka bucha gani na nani amechinja, asikae na swali moyoni. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, siku hiyo hakiingii jikoni kabisa.

Kumenya ndiko kwenye kazi na ndiko kwenye raha. Tandika mkeka au panga vigoda uani, weka beseni la maji katikati. Kila mtu apake mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu, la sivyo utomvu utawaachia weusi wa siku kadhaa. Kata ncha mbili, chana ganda kwa urefu, libandue, kisha ndizi idondoke majini palepale isigeuke nyeusi. Wanaume nao washike visu. Yule anayeandika kila wiki kwamba mtori ni chakula cha wagonjwa na wanawake waliojifungua mpe fungu kubwa kuliko wote. Kwangu fungu hilo ni la dada wa Tanga. Kaka wa Mwanza alikaa pembeni yake akitetea sato, wa Mombasa akaingilia na wali wake wa nazi, na beseni lilipojaa walikuwa wameshahamia kwenye mada ya nani anakoroma kwenye basi. Hakuna aliyekumbuka kwamba saa moja nyuma walikuwa wanaamkiana kwa haya.

Ndizi zikishamenywa, toa nyama kwenye supu, ichambue, tupa mifupa. Tia ndizi na kitunguu cha pili kwenye ile supu, funika, zichemke kama nusu saa mpaka zipondeke kwa kuguswa tu. Zipondee ndani ya sufuria kwa mwiko wa mbao. Blenda nakataa: inaulainisha mno, na mtori unapaswa kuwa na vipande vidogo vya kukutana navyo. Rudisha nyama, tia siagi, punguza moto, maziwa yaingie mwisho na yasichemke kwa nguvu yakakatika. Asiyekunywa maziwa mtengee chake kabla. Pilipili na limau viwe pembeni.

Wakati wa kuponda, wape hadithi ya wenyeji. Wazee wanasema Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, alizimikiwa na moto, akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa la moto, akamkuta anatwanga ndizi kavu. Akapewa moto na ndizi. Akarudi tena akapewa. Mara ya tatu Kibo alichoka, akamshukia kwa mchi, na ndiyo maana Mawenzi amechongoka hivyo mpaka leo. Nyumbani kwetu mgeni akiomba bakuli la tatu anaitwa Mawenzi mpaka siku ya kuondoka. Bakuli anapewa, na kubwa.

Mbege ikiletwa na jirani, sema wazi kwamba ni pombe, ya ndizi na ulezi, asije mtu akamnywesha mtoto akidhani ni togwa.

Matembezi yasikusumbue. Siku moja ya maporomoko ya Materuni au Marangu, siku moja ya kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, inatosha. Mlima watazame alfajiri kabla mawingu hayajapanda, na tena jioni jua likikaribia kuzama. Juni na Julai waambie waje na masweta. Watu wa pwani hawaamini mpaka watetemeke.

Kama wanakuja Desemba, tiketi ya kurudi ikatwe mapema, kabla hata ya kuja. Baada ya Krismasi kila Mchaga aliyepanda nyumbani anashuka mjini wiki hiyo hiyo, na mabasi hujaa. Ndizi za kuondoka nazo zitenganishe vichane vichane uzifunge kwenye kiroba, uandike jina na namba ya siti kwa kalamu nene, na umkabidhi konda mkononi wakati mgeni anaona buti likifungwa.