Kuondoa Fimbo ya Uthabiti kwenye Helikopta ya Rimoti na Kufunga Kidhibiti cha Jairo

Helikopta nyingi za rimoti za miaka ya nyuma zina fimbo yenye vipanga viwili vidogo juu ya rota kuu. Mpangilio huo unatokana na kazi ya Arthur Young wa kampuni ya Bell na ya Stanley Hiller, wote wa Marekani, katika miaka ya 1940. Fimbo hiyo inapozunguka kwa kasi hupinga kuinamishwa, na kwa hiyo huituliza helikopta inaposukumwa na upepo. Hata hivyo ina uzito, hukinzana na hewa, hula sehemu ya nguvu ya mota, na huongeza viungo vingi vinavyochakaa. Kidhibiti cha jairo, yaani kisanduku cha kielektroniki chenye vihisi, hufanya kazi hiyo hiyo kwa kupima mzunguko wa chombo katika mihimili mitatu na kuzirekebisha sevo, yaani mota ndogo zinazobadilisha pembe za mapanga, mara nyingi kila sekunde. Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba kidhibiti hakitibu ubovu wa mitambo: shafti iliyopinda au kiungo kilicholegea kitaonekana zaidi baada ya kazi hii kuliko kabla yake.

Kabla ya kununua chochote, chunguza sevo zako. Fimbo ya uthabiti ilikuwa inabeba sehemu ya mzigo wa kugeuza mapanga. Ikiondoka, mzigo wote huangukia sevo tatu zinazoisukuma sahani ya mwinamo, yaani diski iliyo kwenye shafti kuu inayopeleka mwendo wa sevo kwenye mapanga. Kwa hiyo zinahitajika sevo za dijitali zenye nguvu ya kutosha kwa ukubwa wa helikopta yako, na zenye kasi ya takribani sekunde 0.10 au chini ya hapo kwa kila nyuzi 60. Sevo za analogi hazifai, kwa sababu zimeundwa kupokea ishara kama mara 50 kwa sekunde, nazo huweza kuungua zikipelekewa ishara za haraka. Angalia pia sevo ya mkia: nyingi hutumia mpigo wa katikati (urefu wa ishara sevo ikiwa katikati) wa mikrosekunde 1520, lakini baadhi hutumia 760, na kipimo hicho huchaguliwa katika kidhibiti kabla ya kuichomeka. Chanzo cha umeme wa sevo nacho kiwe imara, kwani volti zikishuka ghafla kidhibiti kinaweza kuzima na kuanza upya helikopta ikiwa hewani.

Ondoa fimbo, vipanga vyake na mikono yote ya kuchanganyia, kisha funga kichwa cha rota kilichotengenezwa kwa mfumo usio na fimbo. Katika kichwa hiki, vijiti hutoka kwenye sahani ya mwinamo moja kwa moja hadi kwenye vishikio vya mapanga, na mkono wa pekee huizungusha sehemu ya juu ya sahani. Pembe ya mkono huo ni muhimu sana. Yaelekeze mapanga sambamba na mkia, sukuma sahani mbele na nyuma, na utazame panga: pembe yake haitakiwi kubadilika hata kidogo. Ikibadilika, mkono haujakaa mahali pake, na helikopta itainamia upande usioamriwa. Tumia pia mapanga yaliyotengenezwa kwa mfumo usio na fimbo, maana mgawanyo wa uzito wake ni tofauti. Kila skrubu inayoingia katika chuma ipakwe gundi ya kufungia.

Kidhibiti kibandikwe mahali bapa, mbali na mota, kwa utepe wa sponji wenye gundi pande mbili, kingo zake zikiwa sambamba na shafti kuu na mkia. Nyaya zisivutike, kwa sababu waya uliokazwa hupeleka mtetemo moja kwa moja kwenye jairo.

Sasa inafuata hatua ambayo haistahili haraka hata kidogo. Chomoa nyaya za mota, kisha katika rimoti chagua mpangilio wa kawaida wa sevo moja kwa kila amri, kwa sababu kuchanganya amri za sevo tatu sasa ni kazi ya kidhibiti. Trimu zote, yaani marekebisho madogo ya kudumu ya rimoti, ziwe sifuri, na zibaki hivyo daima. Katika mfumo huu trimu haisawazishi chombo. Kidhibiti huisoma kama amri ya kuzunguka polepole bila kukoma. Ukiwa ndani ya menyu ya kidhibiti, weka mikono ya sevo katika nyuzi 90 dhidi ya vijiti vyake, sawazisha sahani ya mwinamo, na urekebishe urefu wa vijiti hadi mapanga yawe na pembe ya sifuri fimbo ya rimoti ikiwa katikati. Thibitisha kwa kipima pembe, si kwa jicho.

Kisha pima pembe ya mzunguko, yaani kiasi ambacho panga hugeuka sahani inapoinama. Mapanga yakiwa sambamba na mkia, inamisha sahani kuelekea kulia au kushoto na usome kipimo kwenye panga. Vidhibiti vingi huomba uweke nyuzi kama 6 hivi, na kwa kipimo hicho hujua mkono wa sevo ukisogea kiasi fulani panga hugeuka kiasi gani. Ukilazimika kushusha sana mwendo wa sevo katika programu ili kufikia kipimo hicho, ni afadhali uhamishie gololi ya kiungo kwenye tundu la ndani zaidi la mkono wa sevo, kwa kuwa hapo sevo hutumia mwendo wake wote na usahihi huongezeka. Pembe ya pamoja, yaani ile ya mapanga yote kwa wakati mmoja, ya nyuzi 10 hadi 12 juu na chini inatosha kwa urukaji wa michezo. Anayejifunza kuelea anaweza kupunguza.

Kipimo cha mwisho kabla ya kurejesha nyaya za mota ndicho kinachookoa chombo. Iinue helikopta mkononi na uiinamishe mbele: sahani lazima irudi nyuma, kana kwamba inataka kubaki ilivyokuwa. Rudia kwa kulia na kushoto, kisha zungusha pua na uone kama mkia unapinga. Upande mmoja ukijibu kinyume, geuza mwelekeo wa jairo katika menyu, kwani helikopta yenye kosa hilo hupinduka mara tu inapoacha ardhi.

Unapowasha betri uwanjani, usiiguse helikopta hadi jairo zimalize kujipanga. Simama mbali, mita 10 au zaidi, na upandishe kasi ya rota taratibu. Chombo kikiwa bado ardhini, sahani inaweza kuonekana ikihama polepole. Hilo ni la kawaida, kwa sababu kidhibiti kinajaribu kusahihisha mwinamo ambao ardhi hairuhusu ubadilike. Usishindane nacho kwa fimbo za rimoti. Ruka kwa uthabiti, na hali hiyo itakwisha miguu ikiachana na ardhi.

Anza na viwango vya mwitikio (ukali wa kidhibiti katika kusahihisha) vilivyopendekezwa au chini yake kidogo. Mkia ukitikisika harakaharaka, punguza kiwango chake. Ukiteleza baada ya kusimamisha mzunguko, ongeza. Mwili ukitetemeka mbele na nyuma, punguza kiwango cha rota kuu, lakini kwanza kagua uwiano wa mapanga, beringi na shafti, kwa maana kupunguza kiwango ili kuficha mtetemo huacha chanzo chake kikiendelea kula mitambo. Baada ya kuruka kwa betri mbili tatu za mwanzo, shika kila kiungo cha gololi kwa vidole. Kinachocheza kibadilishwe kabla ya kuongeza kiwango chochote.