SOMO: Kufungua pakiti za zamani za kadi za NBA na kubadilishana bila kulizwa

Wadau habari za jioni. Wiki hii peke yake nimepata meseji sita zinauliza yaleyale, "kadi zimegandana nifanyeje" na "jamaa anataka nitangulize kutuma, nimwamini?" Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena nampa hii asome.

Kwa wasionijua, niko Columbus, Ohio, nakusanya kadi za wachezaji wa huku tunakoongea Kiswahili. Hasheem Thabeet wa Dar, aliyechaguliwa wa 2 kwenye drafti ya 2009 (pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya), mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry aliyekuwa wa 7. Bismack Biyombo wa Lubumbashi. Jonathan Kuminga wa Goma. Na Dikembe Mutombo, yeye ni wa Kinshasa ila simuachi. Kadi zao nyingi ni za bei ndogo, tatizo ni kwamba zimo ndani ya pakiti ambazo watu wanazifungua wakitafuta majina mengine, ya Hasheem ikitoka inarushwa kwenye katoni la mabaki. Kwahiyo mimi nazipata kwa njia mbili tu, nifungue mwenyewe au nibadilishane na aliyefungua.

HATUA YA 1. Jua umeshika nini kabla hujachana.

Pakiti za 1989 mpaka 1993 hivi zilichapishwa nyingi kupita kiasi, zipo hadi leo kwa maelfu kwenye stoo za watu, hizo fungua kwa raha zako. Pakiti ya kampuni ya Fleer ya 1986-87 ni habari nyingine kabisa, mle ndani ni kadi 12, stika moja na bablishi, na ndo seti yenye kadi ya Michael Jordan, namba 57, kwahiyo matapeli wanaifungua, wanatoa cha maana, wanairudishia gundi kwa joto. Ukiona karatasi ya pakiti (ile ya nta) ina mistari miwili ya mkunjo, au nta imesambaa mahali isipotakiwa, rudisha. Msidhani wanaolizwa ni masikini tu. Logan Paul, yule wa YouTube, alilipa dola milioni 3.5 kwa maboksi ya Pokémon, mwezi wa kwanza 2022 akayafungua akakuta kadi za wanasesere wa G.I. Joe.

HATUA YA 2. Nawa mikono, kausha, usipake losheni. Meza safi, hakuna chai karibu.

HATUA YA 3. Kufungua.

Pakiti ya karatasi ya nta: ingiza kidole chini ya mkunjo wa nyuma, inua taratibu, usichane, karatasi yenyewe kuna watu wanaikusanya. Pakiti ya foili: vuta mshono wa mgongoni. MKASI HAPANA, utakata ukingo wa kadi.

Bablishi usile. Kampuni ya Topps waliendelea kuweka bablishi kwenye pakiti za besiboli mpaka 1991, kwahiyo hata lile jipya kabisa umri wake unamzidi mtu mwenye watoto.

HATUA YA 4. Kadi zilizogandana. Hii soma mara mbili.

Kadi za mwanzoni mwa miaka ya 90 zilianza kupakwa ule mng'ao, na zile za Topps ziitwazo Stadium Club ndo kinara. Zikikaa kwenye joto na unyevu miaka thelathini, zinashikana kama tofali. Mimi mwaka wa kwanza nilinunua pakiti za Stadium Club 1992-93, mwaka ambao Shaquille O'Neal (Shaq) anaingia ligi na timu ya Orlando. Nikafungua, tofali. Nikaona kona ya jezi ya Orlando inachungulia pembeni, moyo unaenda mbio, nikaingiza kucha kwenye kona nikavuta kwenda juu kama mtu anayebandua stika. Ikasikika sauti ya karatasi kuchanika. Nusu ya uso wa Shaq ilibaki mgongoni mwa kadi ya jirani yake, mahali palipokuwa na sura pamebaki peupe. Kadi ya mwaka wake wa kwanza. Ninayo hadi leo kwenye droo na kila nikiiona inaniuma.

Fanyeni hivi. Chukua tofali zima, shika ncha mbili za mbali, lipinde KIDOGO mno kuja kwako, halafu kidogo kwenda upande wa pili, kama unavyolegeza karata mpya. Utasikia ta, ta, ta, ndo zinaachiana. Zikigoma, weka tofali kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, toa hewa, tia friza usiku mzima. Asubuhi toa ila USIFUNGUE MFUKO mpaka upoe sawa na chumba na jasho la nje likauke, ukifungua mapema lile jasho linatua kwenye kadi zenyewe. Halafu rudia kupinda. Zikianza kuachia, telezesha kadi kwa ubavu, usivute kwenda juu kamwe. Zikigoma tena, rudisha friza usiku wa pili. Hakuna mvuke, hakuna drai ya nywele, hakuna maji, hakuna kisu. Na anza na kadi za wachezaji usiowajali ili mkono uzoee. Kuna nyingine hazitaachia hata ufanyeje, zikubali.

HATUA YA 5. Doa la nta. Linakaa kwenye kadi iliyogusana na mkunjo wa karatasi. Chukua stokingi safi ya nailoni, futa kwa mduara bila kukandamiza. Doa la bablishi ni gumu zaidi, mimi huliacha na ninapobadilishana nasema wazi lipo. Kukata ukingo ili kadi ionekane kali ni udanganyifu, kampuni zinazopima ubora wa kadi na kuipa namba ya gredi wakigundua hawakupi namba.

HATUA YA 6. Kila kadi ya maana iingie kwenye kifuko laini kwanza, ndipo toploda, yaani kile kifuko kigumu cha plastiki. Ukiitia kwenye toploda bila kifuko unaikwaruza mwenyewe.

HATUA YA 7. Kubadilishana.

Bei angalia zilizokwisha kuuzwa, siyo zinazoombwa, mtu anaweza kuomba dola elfu kwa kadi ya dola mbili na hakuna wa kumzuia. Piga picha mbele na nyuma, pembeni weka karatasi yenye jina lako na tarehe. Taja kasoro zote kabla hujaulizwa. Mwenye historia ndogo ya kubadilishana ndo anatangulia kutuma, huo ni utaratibu wa miaka mingi wala siyo dharau, na mimi nilipokuwa mgeni nilitangulia. Kama kuna nyongeza ya pesa, lipa kwa njia inayokulinda kama mnunuzi, anayekulazimisha utume pesa kama unamtumia ndugu ili akwepe makato mwache aende, makato ni senti na kadi yako ni kadi yako.

Kufunga: kifuko, toploda, mdomo wa toploda uzibe kwa ile tepu ya bluu ya mafundi rangi (ikunje ncha ili mwenzio apate pa kushika), vipande viwili vya katoni, bahasha yenye mapovu, namba ya kufuatilia. Selotepu usiweke, inaacha gundi na ikivutwa inaweza kuondoka na kadi. Ukipokea wewe, rekodi video tangu bahasha ikiwa imefungwa.

Na jambo moja la utu. Ukikutana na mtoto au mgeni ana kadi kubwa na hajui, mwambie thamani yake KABLA hamjabadilishana. Mzee mmoja duka la kadi huku alinifanyia hivyo kadi ya kwanza niliyokwenda nayo, ndo maana bado niko kwenye mambo haya.

Maswali karibuni.

————

Chuma_Mzee: mkuu nina boksi zima la hoops 1990 halijafunguliwa nimeachiwa na mwenye nyumba, mi tajiri??

MWANDISHI: Hatua ya 1, mstari wa kwanza. Hapana. Lifungue na watoto.

Chuma_Mzee: lakini miaka 35 jamani

MWANDISHI: Umri haupandishi bei, uchache ndo unapandisha. Ila pitia ukitafuta kadi ya Mark Jackson wa Knicks. Nyuma yake kwenye viti vya mbele wanaonekana wale ndugu wawili wa Menendez waliowaua wazazi wao 1989, mpigapicha hakujua na waliochapisha hawakujua. Watu wanaitafuta hiyo picha. Siyo utajiri lakini ndo kadi inayoongelewa zaidi mle.

Dogo_Kisauni: Shikamoo kaka. Mimi niko Mombasa nina miaka 15, mjomba wangu alitoka Marekani akaniletea kadi kama 200, za miaka ya 90 nyingi. Nimeziweka kabatini lakini naona zinaanza kujikunja na zingine zinashikana pembeni. Nimekosea wapi?

MWANDISHI: Marahaba mdogo wangu. Hujakosea, ni hewa ya pwani. Kadi ni karatasi, upande mmoja una mng'ao na mwingine hauna, kwahiyo unyevu unaingia upande mmoja zaidi na kadi inajikunja. Fanya hivi: tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, zile za kuwekea chakula, lioshe na likauke kabisa. Kusanya vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ulizia hata kwenye maduka ya viatu wanavitupa, weka vitano sita mle. Kadi zisimame wima, zisilale moja juu ya nyingine, uzito ndo unaogandisha. Usiweke juu ya kabati karibu na bati, joto la mchana linapanda juu. Zilizoshikana tayari fuata hatua ya 4, friza ya nyumbani inatosha, muombe mama kwanza. Vifuko laini kama hupati, kwa sasa weka karatasi nyeupe kavu kati ya kadi na kadi. Nitumie orodha ya majina, tuone una nini.

Dogo_Kisauni: Asante sana kaka. Kuna moja imeandikwa Akeem Olajuwon bila H, ni feki?

MWANDISHI: Siyo feki kwa sababu hiyo! Hakeem aliandikwa Akeem mpaka 1991 aliporudisha ile H mwenyewe, hata kadi yake ya Fleer 1986-87, namba 82, inasema Akeem. Angalia mwaka nyuma kwenye maandishi madogo. Kama ni ya seti hiyo usiishike tena kwa vidole, ipige picha tu uniletee. Na usibadilishane na mtu yeyote kwanza.

BeiPoa: sijasoma yote ni ndefu, kwahiyo drai ya nywele inafaa kwa zilizogandana?

MWANDISHI: Hapana. Hatua ya 4.

BeiPoa: kuna video jamaa anatumia

MWANDISHI: Basi muulize yeye.

Sealed4Life: Kwa heshima zote, hili somo unaharibu watu. Pakiti iliyofungwa thamani inapanda kila mwaka, ukifungua unabaki na makaratasi. Topps ya 2009-10 watu wameziweka tangu Curry hajawa Curry, leo wanaheshimika.

MWANDISHI: Mkuu, yako ni biashara na sijaikataza. Somo linasema kufungua na kubadilishana, aliyekuja hapa amekuja kufungua. Na hiyo Topps ya 2009-10 uliyoitaja ndo mfano wangu mzuri, kwa sababu kila anayeifungua anamtaka Curry namba 321, na kwenye seti hiyohiyo yumo Hasheem. Pakiti zikibaki kabatini kwako milele, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA anabaki gizani humo ndani. Mimi nataka atoke.

Sealed4Life: Hapo umenigusa kidogo. Nina boksi moja lina kona iliyobonyea, nitalifungua mwezi ujao. Nikimkuta Hasheem ni wako, nipe veterani yeyote wa Lakers.

MWANDISHI: Tumekubaliana. Nitakuwekea watatu.

MamaKatanga: Ndugu yangu, mimi ni wa Lubumbashi, niko Texas sasa. Natafuta kadi ya kwanza ya Biyombo, alichaguliwa 2011, lakini pakiti zote za 2011-12 nilizofungua hayumo. Nimekwisha fungua kumi na mbili. Nimedanganywa?

MWANDISHI: Dada, hukudanganywa, na pole kwa hizo kumi na mbili. Mwaka ule wachezaji na wenye timu waligombana juu ya mkataba, msimu ukachelewa mpaka Krismasi, na Panini, waliokuwa wanachapisha kadi, hawakuweka wachezaji wapya kwenye seti za 2011-12. Darasa zima la 2011, Kyrie Irving, Kawhi Leonard, Biyombo, kadi zao za mwaka wa kwanza zilitoka kwenye seti za 2012-13 pamoja na darasa la 2012 la kina Anthony Davis na Lillard. Madarasa mawili ndani ya pakiti moja. Hizo pakiti ni ghali kwa sababu ya hayo majina, usizifungue kumtafuta Biyombo, nunua au badilisha kadi yenyewe, bei yake ni ndogo. Mimi ninazo mbili za ziada. Una nini cha Mutombo?

MamaKatanga: Ninazo tano za 1991-92 akiwa Denver! Nilikuwa na sita, moja nilimpa baba yangu Mutombo alipofariki 2024, ameiweka kwenye fremu sebuleni.

MWANDISHI: Kadi moja kwa kadi moja basi, nitatangulia kutuma mimi. Mwambie baba fremu isikae mbele ya dirisha, jua linafifisha wekundu kwanza.

Chuma_Mzee: mkuu nimempata mark jackson!! na hao jamaa kweli wapo nyuma. ila kuna kadi nyingine za topps chrome 96 mwenye nyumba ameniongezea zimekuwa za kijani kijani, ukungu?

MWANDISHI: Siyo ukungu, chrome za 1996-97 nyingi zinageuka kijani zenyewe kwa umri, usizisugue. Namba 138, ya Kobe Bryant, ipo?

Chuma_Mzee: subiri niwashe taa