Sato sato sato sangara: namna ya kuingia kwenye muziki wa kienyeji wa Waturuki

Wengi tumeijua Uturuki kwa zile tamthilia zilizotiwa Kiswahili, upo zako kwa mama ntilie Kirumba, Mwanza, unasubiri ugali unasikia tu mtu analia na vinanda nyuma, sasa usianzie hapo. Ingia YouTube andika türkü, ndo wanavyoita wimbo wa kienyeji, afu tafuta chombo kinaitwa bağlama au saz (hiyo ğ haitamkwi, unavuta tu ile a), ni kama gambusi lenye shingo ndefu jembamba, nyuzi saba makundi matatu.

Mtu wa kwanza msikilize Aşık Veysel, kazaliwa 1894 kijiji cha Sivrialan kule Sivas, akapofuka utotoni baada ya kuugua ndui, saz ndo ikawa macho yake mpaka anafariki 1973. Hilo aşık tamka ashik, ni ndugu kabisa wa ashiki letu, ila kwao ni malenga anayetembea na saz yake anaimba mapenzi, kifo, udongo, Mungu. Na wanapambana! Wawili wanakaa wanajibizana mashairi papo kwa papo, sisi wa Bagika na Bagalu, makundi hasimu ya ngoma za Kisukuma, hiyo wala hatushangai, ila kuna mtindo mmoja wanabana sindano katikati ya midomo ili usitamke b wala p wala m wala f wala v, yaani hata jina la Mwanza tu lingekuchoma.

Ukishamzoea, jua nyimbo zao ziko namna mbili. Uzun hava haina mapigo, sauti inapanda inashuka inavyotaka, usigonge mguu utajichanganya bure, tulia usikilize kama unasikiliza mtu anaomboleza. Neşet Ertaş wa Kırşehir kwenye bozlak, aina mojawapo ya uzun hava, basi, mimi nikimsikia naacha kila kitu.

Ya pili ni kırık hava, hii ina mapigo, na hapa ndo wengi wanakwama maana nyimbo nyingi za huko huhesabiwa tisa, miguu yetu inatafuta nne. Dawa yake ni samaki: piga kofi kwenye silabi ya kwanza ya kila neno, SAto SAto SAto SAngara, mbili mbili mbili tatu, usikimbize hiyo sangara, ndo inayokaa kidogo. Rudia mpaka mdomo uzoee, ndo uweke wimbo wa karşılama, ngoma ya kucheza mkitazamana, juu yake.

Ikikubali nenda pwani ya Bahari Nyeusi, punguza sato mmoja, sato sato sangara, saba hiyo, ndo horon, ngoma ya huko, inaenda mbio balaa na kemençe, kazeze kadogo ka nyuzi tatu. Wachezaji wanashikana mikono wanatetemeka mabega, wenyewe wanasema ni hamsi, dagaa wao, anavyorukaruka kwenye wavu. Mtu wa mwaloni hapo huhitaji kutafsiriwa.