Matundu matatu hayatoshi kupima bunduki
Ukijaribu bunduki ya AR-15 au nyingine ya nusu-otomatiki (inayojipakia yenyewe, risasi moja kila ukifyatua) hapa Marekani kabla ya kununua, usiihukumu kwa matundu matatu ya risasi kwenye karatasi ya shabaha. Ilaze juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi kumi kwenye karatasi ileile iliyo umbali wa yadi 100, kisha pima kwa rula kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Tatu kubanana ndani ya inchi moja huenda ni bahati tu. Kumi hazidanganyi kirahisi. Juzi ya kwangu ilianza vizuri mno, tatu zikagusana, nikaanza kutabasamu. Ya kumi ilipotoka nilikuwa na inchi tatu na robo. Tumia risasi za aina ileile utakayotumia baadaye, maana kubadilisha uzito wa risasi hubadilisha kila kitu. Kama ni ya kulinda nyumba, endelea mpaka umalize magazini kadhaa uone kama inakwama kutema maganda. Kwa mwindaji kipimo hiki kinapwaya: mtutu mwembamba ukipata moto matundu hutawanyika, na kulungu hupigwa mtutu ukiwa baridi. Apige moja, asubiri upoe, arudie. Na katika jimbo la Colorado asibebe bunduki ya .223 (takriban kipenyo cha risasi kwa inchi) kwa kulungu. Sheria inataka kuanzia .24.