Mgonjwa wa vaskulaitisi ya ANCA: jinsi ya kukadiria figo na uhai wake

Hii ni kwa madokta wenzangu mnaoshika wodi hapa Dar. Vaskulaitisi ya ANCA ni ugonjwa wa kingamwili (ANCA) zinazoshambulia mishipa midogo ya damu, na figo huumia. Mgonjwa mkojo una damu na protini, kreatinini (taka ambayo figo hutoa) inapanda kila siku, kipimo cha ANCA kimerudi positivu, na ndugu wanauliza figo itapona, ataishi? Hayo ni maswali mawili na kila moja lina hesabu yake.

1. Chukua kreatinini ya siku ya kwanza, kabla hajaunganishwa na mashine ya dayalisisi, upate eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja).

2. Ripoti ya baiopsi (kipande cha figo) usiishie kusoma mstari wa mwisho. Tafuta vichujio (glomeruli) vizima, yaani visivyo na ugonjwa, ni vingapi kati ya vyote, na mirija iliyosinyaa pamoja na makovu ni asilimia ngapi, ripoti isiposema mpigie simu mtu wa patholojia, ndio kazi yake. Idadi ya vichujio vyote ikiwa chini ya kumi, asilimia hizo usiziamini sana.

3. Jumlisha pointi za Brix na wenzake (2018), zinazokadiria hatari ya figo kufa kabisa. Vichujio vizima 10 hadi 25%, pointi 4, chini ya 10% pointi 6. Mirija na makovu zaidi ya 25%, pointi 2. eGFR 15 kushuka chini, pointi 3. Ukipata 0 hatari ndogo, 2 hadi 7 ya kati, 8 hadi 11 kubwa. Tuseme mama wa Mbagala ana vichujio 20, vizima 4, makovu 30%, eGFR 12: 4+2+3 ni 9, hatari kubwa. Ila jamani 9 sio hukumu, wapo wanaoanza dawa wakiwa kwenye dayalisisi na baadaye wanatoka, msimnyime mtu matibabu kisa namba.

4. Uhai sasa. Tumia alama za mambo matano za Wafaransa (Five-Factor Score), toleo la 2009: umri zaidi ya 65, moyo kushindwa kazi, tumbo kuathirika, kreatinini 150 (mikromoli kwa lita) kupanda, na kwa GPA na EGPA (aina mbili za vaskulaitisi hii) kukosa dalili za sikio, pua na koo. Kila moja pointi 1, na pointi zikiongezeka hatari ya kifo inaongezeka.

5. Alama hizo hazioni maambukizi, na mwaka wa kwanza ndiyo yanaua zaidi kuliko ugonjwa wenyewe! Kwahiyo pima TB na hepatitisi B kabla ya rituksimabu (dawa inayoshusha kinga), weka septrini (antibayotiki ya kukinga), na steroidi punguza mapema, utafiti wa PEXIVAS (2020) ulionyesha dozi ndogo inalinda vilevile na maambukizi makali yanapungua.