Kupima faida ya elimu kwa jamii, si kwa mhitimu peke yake

Anza na gharama zote. Ada peke yake haitoshi: ongeza mishahara ya walimu na madarasa ambavyo ada haikulipia, sare, madaftari, na kipato ambacho kijana angepata shambani au dukani kama asingekuwa shuleni. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika zaidi, na kwa sekondari huwa kikubwa.

Upande wa faida, tumia nyongeza ya mshahara inayoletwa na elimu, kabla ya kukatwa kodi. Ukiuongezea tena kodi, umehesabu fedha ileile mara mbili.

Faida huchelewa, kwa hiyo ipunguze ili upate thamani yake ya leo: kwa kiwango cha 10% kwa mwaka, shilingi 1,000,000 za miaka 20 ijayo ni kama 149,000 leo.

Kupata nyongeza hiyo ya mshahara, usilinganishe tu waliosoma na wasiosoma, maana wengi waliosoma walitoka nyumba zenye uwezo. Afadhali ulinganishe rika lililotangulia sera na lililoifuata, kama Tanzania ilipofuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016.

Kisha orodhesha yasiyo na bei: mama anayesoma kipimo cha dawa ya mtoto, jirani asiyejua kusoma anayesomewa mkataba wa shamba kabla ya kuweka dole gumba. Yaandike hata bila tarakimu. Ukiyaacha, umeyapa thamani ya sifuri, na hilo ni kosa kubwa kuliko makadirio yoyote.