Fasti yia Mlimani: chumba cha hosteli kikoje na ubebe nini

Wadogo zangu mliochaguliwa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndo hiyo Mlimani), ile picha ya chumba cha peke yako mnayoiona kwenye muvi za Marekani iondoeni kabisa kichwani. Huku mnakaa kadhaa chumba kimoja, vitanda dabo deka, kabati dogo, na choo na bafu ni vya kushea. Unaweza ukapangwa hosteli za Magufuli, zile zilizofunguliwa 2017, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, au ukatupwa hosteli za Mabibo, nje ya kampasi, ambako kwenda darasani ni mpaka upande gari, sasa ukiwa na kipindi cha saa moja asubuhi na foleni za Dar unazijua, hapo kulala hadi kumekucha sahau.

Chumba omba mapema, ukipata kontroo namba (namba ya kulipia) lipia hapo hapo, usingojee bumu, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu, maana linaweza likachelewa na kitanda kikaenda kwa mwingine.

Cha kubeba: shuka, chandarua (lazima, mbu wa Dar ni mwaka mzima), kufuli imara la kwako, ekstensheni, ndala za bafuni, na ndoo mbili zenye mfuniko. Ndoo usizidharau, maji yakikata ndo utaelewa, jaza kila usiku hata kama bomba linatoka vizuri. Godoro uliza kwanza kabla hujalibeba kutoka Mbeya. Majiko ya umeme soma masharti ya hosteli yako, usije ukanyang'anywa.

Sasa kuna kubebana. Mtu kakosa chumba, rafiki yake anamlaza kitanda kimoja naye, yaani mlipangwa wanne mnajikuta sita, na wageni wenyewe sio wa siku mbili, ni semista nzima. Kwa sheria hairuhusiwi ila ipo sana, na mimi siwezi kumlaumu aliyekosa pa kulala na kwao ni Kigoma. Ila mliolipia lazima mkubaliane wote, tena wiki ile ya kwanza kabla hamjazoeana mkaanza kuoneana aibu: nani anabebwa, mpaka lini, na yeye atachota maji na kufagia zamu gani. Hapo hapo malizeni na habari ya taa kuzimwa saa ngapi, muziki ni iyafoni, na nguo za mtu haziazimwi bila kuomba. Mwenzenu akigoma kuelewa nendeni kwa wadeni (msimamizi wa hosteli) mapema, msisubiri wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa semista.